Chambo Bandia cha Besi katika Ziwa Naivasha

Msomaji mmoja wa Nakuru mjini ameniandikia kwamba shemeji yake aishiye Marekani alimletea sanduku zima la vyambo bandia vya kuvulia samaki aitwaye besi wa mdomo mkubwa. Amevijaribu Naivasha, na alichonasa hadi sasa ni mafunjo na vigogo, huku sehemu kubwa ya vyambo hivyo ikibaki majini. Maelezo anayoyasoma yamepangwa kwa kufuata majira ya baridi na ya kuchipua, ambayo hapa kwetu hayapo. Anataka kujua ni vyambo gani vichache vinavyofaa kununuliwa, ni rangi zipi achague, na kama vile vikubwa vilivyomo sandukuni vinaweza kumfaa anapokwenda Kisumu kwa wakwe zake.

Ndugu msomaji, nitakupa jibu kwanza kisha nieleze sababu zake. Kwa besi wa Naivasha zinakutosha aina nne: mnyoo wa plastiki laini ambao ndoana yake imefichwa mwilini, jigi (chambo chenye kichwa kizito) yenye umbo la kamba wa majini, spina ya waya uliopindwa yenye bati linalozunguka, na chura wa mpira anayeelea juu ya maji. Aina ya tano, yaani samaki wa plastiki ngumu au wa mbao mwenye ulimi wa kuzamia, inafaa katika sehemu chache tu za ziwa hili. Vyambo vingine ulivyoletewa havina kasoro. Vimetengenezwa kwa ajili ya maji yaliyo wazi zaidi na yenye vizuizi vichache kuliko maji yetu.

Anayenunua chambo bandia kwa kawaida huanza na rangi kwa sababu ndiyo inayomvutia dukani, kisha hutazama umbo, na mwisho kabisa hukumbuka kujiuliza kama chambo hicho kitapita mahali samaki alipo. Mimi nakushauri ufuate mpangilio wa kinyume. Jiulize kwanza kama chambo kitapenya kwenye mafunjo na matawi bila kunasa. Pili, jiulize kama besi ataweza kukitambua katika maji yenye tope. Tatu, jiulize kama kinafanana kwa mwendo na kile ambacho besi wa ziwa hili hula. Rangi ije nyuma ya hayo yote.

Besi ni samaki wa kuvizia. Hapendi kufukuza windo mbali, bali hutulia kwenye kivuli kando ya shina, chini ya mimea inayoelea au penye ukingo wa mafunjo, akingoja kitu kipite karibu. Kikishapita hufungua kinywa ghafla, na maji yanayoingia kwa nguvu hukivuta kile kitu ndani kabla hakijapata nafasi ya kugeuka. Tabia hiyo pekee inatosha kueleza kwa nini umeambulia vigogo. Ulikuwa unarusha mahali sahihi, lakini kwa chambo kisicho sahihi, kwa kuwa vyambo vingi vya sandukuni vina ndoana za ncha tatu zinazoning'inia nje, na ndoana ya namna hiyo haipiti kwenye mafunjo bila kushika.

Hali hiyo imezidi tangu maji ya ziwa yalipoanza kupanda baada ya mwaka 2010, na zaidi katika mafuriko ya mwaka 2020. Migunga iliyokuwa nchi kavu sasa imesimama majini ikiwa imekufa, na chini yake kuna nyaya za ua, nguzo na mashina yasiyoonekana kwa juu. Kwa besi hayo ni makazi mazuri sana, kwani yanampa kivuli, maficho na chakula pamoja. Kwa mvuvi ni mahali ambapo kila ndoana iliyo wazi hupotea. Ongeza hapo visiwa vya mafunjo na gugu maji ambavyo upepo huvihamisha kutoka upande mmoja wa ziwa hadi mwingine, na utaona kwamba ukingo uliovua wiki iliyopita unaweza usiukute ulipouacha.

Kuhusu majira, maelezo uliyoyasoma yana sababu yake kule yalikoandikwa. Besi wa nchi zenye baridi kali hupoa pamoja na maji, hupunguza kula, kisha hujisogeza kwenye kina kifupi maji yanapopata joto ili kutaga mayai, na wavuvi wa kule hubadilisha vyambo kulingana na mabadiliko hayo. Naivasha iko karibu na ikweta, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, na joto la maji yake halibadiliki sana kati ya Januari na Agosti. Kwetu kinachobadilika ni mvua, upepo na uwazi wa maji. Mvua za masika zinapoanza, mto Malewa huleta maji ya kahawia upande wa kaskazini, na eneo hilo huwa na tope kwa muda mrefu, ilhali ghuba ya Crescent Island, ambayo ni mdomo wa volkeno ya kale na ndiyo sehemu yenye kina kikubwa zaidi katika ziwa kuu, mara nyingi huwa na maji safi kidogo. Kwa hiyo usiangalie kalenda. Tumbukiza chambo chako cheupe kando ya boti na utazame kinapotelea kwa kina gani. Kikipotea kabla ya nusu mita, basi siku hiyo besi atakitambua chambo kwa mtikisiko wa maji zaidi kuliko kwa macho, kupitia ule mstari wa hisia unaopita ubavuni mwake.

Chanzo kimoja cha tope hilo ni samaki aina ya kapi, aliyeanza kuonekana katika nyavu za wavuvi wa Naivasha mwaka 2001 na akaongezeka hadi kuwa sehemu kubwa ya samaki wanaovuliwa hapa. Kapi hula kwa kuchimbua matope ya chini, na maji yaliyochimbuliwa hayakai safi. Wavuvi wa nyavu wamemkubali kwa sababu anawapa riziki, na sina neno juu ya hilo, ila mvuvi wa besi lazima ajue kwamba vyambo vinavyotegemea kung'aa tu vimepungukiwa na nguvu katika sehemu nyingi za ziwa.

Sasa chakula. Besi wa mdomo mkubwa asili yake ni Amerika ya Kaskazini, na aliletwa Naivasha kwa mara ya kwanza mwaka 1929 kwa ajili ya uvuvi wa burudani. Mwaka 1970 akaingizwa kamba mwekundu wa maji matamu, ambaye kwao ni kusini mwa Marekani, na hivyo mwindaji na windo lake wakakutana tena mbali na nyumbani kwao. Uchunguzi wa matumbo ya besi wa ziwa hili ulionyesha kwamba wadogo hutegemea sana wadudu wa majini, na kwamba wakubwa hugeukia kamba, pamoja na samaki wadogo na vyura. Jambo hili lina uzito mkubwa katika uchaguzi wako. Ukitaka besi mkubwa, chambo kinachotambaa chini kama kamba kina sababu ya msingi ya kufanya kazi hapa kuliko samaki bandia wa rangi ya fedha anayeogelea katikati ya maji.

Nianze basi na mnyoo wa plastiki laini, kwa sababu kama ungeniambia una fedha za aina moja tu, ningekuagiza huo. Chagua wenye urefu wa sentimita 12 hadi 15 na mkia uliopinda, ambao hupepea hata ukivutwa polepole. Utahitaji ndoana pana ya namba 3/0 na risasi ya kuzamishia yenye tundu na yenye umbo la risasi ya bunduki, yenye uzito wa gramu 5 hadi 10, ambayo huteleza juu ya mshipi, yaani uzi wa kuvulia. Pitisha mshipi kwenye risasi kwanza, kisha ufunge ndoana. Choma ncha ya ndoana kwenye kichwa cha mnyoo kwa kina cha nusu sentimita, itokeze pembeni, vuta hadi jicho la ndoana lizame kichwani, geuza ndoana, halafu irudishe ncha ndani ya mwili wa mnyoo ili isitokeze nje. Mnyoo lazima ukae umenyooka. Ukikaa umejikunja utazunguka majini na kuusokota mshipi wako, na besi hatauamini.

Chambo kilichofungwa hivyo hupita juu ya matawi, hutumbukia kati ya mashina ya mafunjo na hutoka salama. Urushe hadi kwenye ukingo, uache uzame hadi mshipi ulegee, kisha inua ncha ya ufito wako wa kuvulia taratibu kwa kiasi cha nusu mita na uache uzame tena. Mara nyingi besi huuchukua unapozama, wala hutasikia mvuto mkali. Utaona mshipi ukihama upande, au utahisi uzito kidogo kama wa jani lililolowa. Hapo kunja mshipi uliolegea haraka na uinue ufito kwa nguvu, kwa sababu ndoana ina kazi ya kupasua plastiki kwanza kabla ya kufikia mdomo wa samaki. Sifa nyingine ya plastiki laini ni kwamba samaki huing'ang'ania muda mrefu zaidi kuliko kitu kigumu, na anayejifunza hupata nafasi ya kuchelewa kidogo bila kumpoteza.

Jigi ni ndugu wa mnyoo, lakini ni ya besi wakubwa. Ina kichwa kizito kilichoshikamana na ndoana, nyuzi za mpira zinazotawanyika kama sketi, na kizuizi cha nyuzi ngumu mbele ya ncha ili isinase. Ukiiongezea mkia wa plastiki wenye makucha mawili, inafanana kwa karibu sana na kamba. Uzito wa gramu 10 unatosha maji yetu mengi, kwani sehemu kubwa ya ziwa ina kina cha mita chache tu. La muhimu ni kumjua kamba mwenyewe. Hutembea polepole akitambaa chini, na anapotishwa huinua makucha yake, kisha hurusha mkia na kurudi kinyumenyume kwa mipigo ya ghafla. Basi iburute jigi juu ya matope kwa upole, isimamishe, itikise mara mbili kwa haraka, kisha iache itulie kabisa. Kutulia huko ndiko kunakowashinda wengi. Hesabu hadi kumi moyoni mwako kabla ya kuigusa tena, hasa karibu na mashina ya migunga iliyozama.

Ukipenda kujitengenezea sketi za jigi, mpira mwembamba wa tyubu ya baiskeli uliokatwa vipande vyembamba mno hufanya kazi vizuri, na manyoya ya shingo ya jogoo pia, kwani yakilowa hupumua majini kwa mtikisiko mdogo tu. Vitu hivi vinapatikana katika soko lolote la Nakuru, nami naona ni heri mtu apoteze kwenye kigogo jigi aliyoifunga mwenyewe kuliko chambo kilichosafirishwa kutoka ng'ambo.

Spina ya waya uliopindwa nitakueleza kwa sababu ya upepo. Umbo lake ni kama pembe: mkono wa chini una kichwa, ndoana moja na sketi, na mkono wa juu una bati linalozunguka. Mkono wa juu hugonga matawi kwanza na kuifungulia ndoana njia, ndiyo maana hupita mahali ambapo chambo chenye ndoana ya ncha tatu kingeshika. Bati lina maumbo mawili makuu. Lile jembamba na refu kama jani lina mng'ao mwingi na mtikisiko mdogo, na lile la mviringo lina mtikisiko mkubwa na huinua chambo juu hata ukivuta polepole. Katika maji yenye tope chukua la mviringo bila kusita. Naivasha asubuhi huwa shwari, lakini mchana upepo huamka na ifikapo alasiri mawimbi huwa makubwa. Upepo huo husukuma chakula kidogo kidogo kuelekea ukingo unaoupokea, samaki wadogo wakakifuata, na besi naye akawafuata hao. Hapo ndipo spina nyeupe ya gramu 10 hadi 14, ikivutwa sambamba na ukingo badala ya kutoka ukingoni kwenda kati, hufanya kazi nzuri, kwa kuwa inakaa muda mrefu zaidi katika eneo la samaki.

Chura wa mpira ana tumbo lenye uwazi ndani na ndoana mbili ambazo ncha zake zimelala mgongoni, hivyo unaweza kumburuta juu kabisa ya gugu maji na majani ya yungiyungi. Mtumie mapema asubuhi, au siku ya mawingu. Mrukishe-rukishe juu ya mimea, na anapofika penye tundu la maji wazi msimamishe. Besi akishambulia kutoka chini, utasikia mlipuko wa maji, na silika ya mtu ni kuvuta palepale. Jizuie. Ngoja hadi uhisi uzito wa samaki kwenye ufito, ndipo uvute, kwani ukitangulia utamtoa chura kinywani kabla hajafunga. Kwa kazi hii nailoni haifai, maana itabidi umtoe samaki pamoja na fungu zima la mimea. Tumia mshipi wa kusuka wenye nguvu ya kilo 20 au zaidi.

Yule samaki mgumu mwenye ulimi wa kuzamia, anayeuzwa kwa majina mengi ikiwemo Rapala ya Finland, mpeleke Crescent Island na sehemu zenye miamba na maji wazi. Ulimi mrefu humzamisha zaidi, ulimi mfupi humweka juu. Kwa maji yetu chagua anayezama mita moja hadi mbili, aliye mnene, na mwenye njuga ndani. Akigonga jiwe au kigogo, acha kuvuta mara moja, naye ataelea na kujinasua kwa kurudi nyuma. Wakati huo wa kuelea ndio besi wengi humchukua. Ndoana zake za ncha tatu unaweza kuzibadilisha kwa ndoana mojamoja zenye ncha inayotazama juu. Utapunguza kunasa, na samaki mdogo unayetaka kumrudisha majini atatoka bila kuraruka.

Kwa upande wa rangi una nafasi ya kuokoa fedha. Jicho la besi hutambua vizuri nyekundu na kijani, lakini majaribio yameonyesha kwamba humwia vigumu kutofautisha njano-kijani kali na nyeupe, au buluu iliyokoza na nyeusi. Kwa hiyo kununua spina nyeupe na nyingine ya njano kali, au mnyoo mweusi na mwingine wa buluu nzito, ni kulipia kitu kimoja mara mbili. Kwangu rangi tatu zinatosha. Ya kwanza ni nyeusi, kwa maji ya tope, kwa alfajiri na kwa chura, kwa sababu kitu cheusi hujichora vizuri dhidi ya mwanga wa juu. Ya pili ni nyekundu ya kahawia, yaani rangi ya kamba mwenyewe, kwa jigi na kwa mnyoo. Ya tatu ni nyeupe, kwa spina. Kwa maji safi ya Crescent Island ongeza mnyoo wa kijani kibichi kilichofifia, na usiende zaidi ya hapo.

Vifaa vinavyobeba vyambo hivyo nitavigusia kwa ufupi. Ufito wa takriban mita mbili, mgumu wa wastani, utarusha vyote nilivyovitaja isipokuwa chura, anayetaka ufito mgumu zaidi. Nailoni ya kilo 6 hadi 7 inafaa kwa mnyoo, jigi na spina. Lowesha fundo kwa mate kabla ya kulikaza, kwani nailoni hupata joto na kudhoofika inapokazwa kavu. Beba tupa ndogo ya kunolea ndoana na uitumie kila unapogonga jiwe. Ncha iliyo kali hujishika kwenye ukucha wa kidole gumba ukiipitisha kwa wepesi. Inayoteleza inahitaji kunolewa.

Nakuomba pia uachane na risasi za madini ya risasi kila unapopata za chuma au za shaba nyeupe. Zile za kawaida zikipotea hubaki chini ya maji, na ndege wanaozimeza pamoja na chakula au changarawe hupata sumu. Naivasha imetambuliwa tangu mwaka 1995 kama ardhioevu ya umuhimu wa kimataifa, na ndege ni sehemu kubwa ya sababu hiyo. Vilevile, usishawishike kubeba kamba hai au samaki hai kama chambo kutoka ziwa hili kwenda bwawa au mto mwingine. Kamba huyu huchimba kingo na kula mimea ya majini, na pale asipokuwapo ni vyema aendelee kutokuwapo.

Liko jambo la usalama ambalo haliwezi kutenganishwa na uchaguzi wa chambo, kwa kuwa maeneo ninayokuelekeza ndiyo maeneo ya viboko. Alfajiri kiboko hurudi majini kutoka malishoni kupitia njia zake kwenye mafunjo, na mtu aliyesimama ukingoni kati yake na maji yuko hatarini. Usivue kwa miguu kwenye mafunjo. Kodi boti pamoja na nahodha anayezijua njia hizo, vaa jaketi la kuokolea maisha, na uanze safari ya kurudi mara upepo wa mchana unapoanza kuvimbisha mawimbi. Kwenye ofisi ya uvuvi ulizia leseni ya kuvua kwa ndoana na kama uvuvi uko wazi wakati huo.

Kuhusu sanduku lako, limwage lote mezani na utenganishe mafungu. Weka kando kila chenye ndoana moja iliyofichwa au iliyolindwa. Hicho ni cha Naivasha kesho. Weka pamoja samaki wagumu wanene wenye ulimi. Hao ni wa Crescent Island. Vyambo vyembamba vya kung'aa, vyenye ndoana za ncha tatu na uzito mdogo, vinaweza kusubiri siku utakapovua bwawa lenye maji safi lisilo na mafunjo. Usivitafutie matumizi kwenye Ziwa Nakuru lililo karibu nawe, kwani ni la magadi na besi haishi humo.

Vile vikubwa, vya sentimita 14 na kuendelea, ndivyo vitakavyokufaa Kisumu, ila si kama vilivyo. Mbuta, yaani sangara wa Ziwa Victoria utakayemkuta huko, ni samaki wa nguvu nyingine kabisa, na ndoana nyembamba zilizotengenezwa kwa ajili ya besi hunyooka mdomoni mwake. Ng'oa ndoana pamoja na pete zake, na uweke za chuma kinene. Kwenye mwisho wa mshipi ongeza kipande cha nailoni nene cha mita moja na nusu hivi, kwa sababu mdomo wa mbuta unakwaruza na vifuniko vya matamvua yake vina makali ya kukata. Ghuba ya Winam yenyewe karibu na Kisumu ni ya kina kifupi, ina tope na mara nyingi imefunikwa na gugu maji. Ukipata nafasi ya kufika upande wa Mbita, Rusinga au Mfangano, ambako maji ni wazi zaidi na miamba ipo, vikokote vyambo hivyo polepole nyuma ya boti kando ya miamba hiyo. Beba na ile spina nyeupe yenye bati la mviringo, maana mbuta wadogo wa kando ya miamba huichukua vilevile kama besi, na kwa hao ufito wako wa Naivasha unatosha.